Phantom of the Opera: maswali mnayoniuliza kila nikiazimisha kitabu

Nakala yangu imeshapita kwenye mikono ya watu saba, imerudi haina jalada la mbele, na ukurasa wa mwisho una doa la chai ambalo kila mtu anasema si lake. Na kila anayerudisha anakuja na maswali, maswali yenyewe yaleyale, kuna mmoja alinipigia saa tano usiku amekwama pale kwenye chumba cha vioo anataka nimwambie kama wanatoka ama hawatoki. Basi nimeyaweka yote hapa. Onyo tu, kuanzia swali la sita namwaga mtama kwenye kuku wengi, kama hujamaliza kusoma ishia la tano.

Kwani kinahusu nini hasa?

Kuna jamaa anaitwa Erik, kazaliwa na uso kama fuvu, pua hana, macho yanawaka njano gizani, anaishi chini kabisa ya jumba la opera la Paris, kajijengea nyumba ng'ambo ya ziwa lililoko chini ya ardhi. Wafanyakazi wa juu wanamjua kama mzimu tu. Sasa huyu mzimu kampenda mwimbaji kijana, Christine Daaé, Mswidi, yatima, ambaye baba yake mpiga fidla alimwahidi kabla hajafa kwamba akifika mbinguni atamtumia Malaika wa Muziki. Erik akalijua hilo. Akaanza kumfundisha kuimba kupitia ukuta wa chumba chake cha kuvalia, miezi mitatu mizima, binti anasikia sauti hamwoni mtu, na sauti yenyewe ndo ile ya kumtoa nyoka pangoni, kwa hiyo anaamini kabisa malaika kafika. Halafu anatokea Raoul, kijana wa ukoo wa kikabaila, walicheza pamoja utotoni pwani ya Brittany, aliwahi kuingia baharini na nguo zake kumfuatia skafu iliyopeperushwa na upepo. Malaika akaanza wivu. Na malaika akishakuwa na wivu, dada yangu, jua hapo hakuna malaika.

Ni ya mapenzi au ya kutisha?

Zote mbili, ila mapenzi yenyewe ni ya upande mmoja. Watu wa Pwani huwa hawasumbuki kuielewa hii, nawaambia tu fikirieni jini mahaba, yule anayemganda binti, hataki aolewe, kila mchumba akija mambo yanaharibika, na binti mwenyewe kuna nyakati anaonekana kama hataki kuachwa. Tofauti ni kwamba Erik ni mtu wa damu na nyama, hakuna mganga wa kumpunga, na hiyo ndo inatisha zaidi kuliko fuvu lake.

Ukikuta mtu anaiita riwaya ya kigothi usiogope neno, maana yake ni zile hadithi za majumba makubwa ya giza, njia za siri, makaburi usiku wa manane, na jambo la zamani lililofichwa chini. Za mwanzo zilikuwa za ngome za kale. Gaston Leroux, mwandishi wa kitabu hiki, yeye akachukua jumba lenye dhahabu na mavelveti, watu wanakwenda kwa magauni na manukato, akaiweka ngome yake chini ya viti vyao.

Ni kisa cha kweli?

Hili naulizwa na kila mtu bila kukosa, na kosa ni la Leroux mwenyewe, maana anafungua kitabu kwa kuapa kwamba mzimu ulikuwepo kweli, halafu anakuletea barua, ripoti za polisi, mahojiano, kumbukumbu za mameneja, mpaka unajiona uko mahakamani. Huyu mtu alisomea sheria, akawa ripota wa gazeti la Le Matin, mwaka 1905 alikuwa Urusi anaripoti mapinduzi. Kwa hiyo anajua habari ya kweli inavyoandikwa, na anajua kuiba sura yake.

Erik wa kutunga. Ila angalia alivyomtunga, hapo ndo raha ilipo. Jumba lipo, linaitwa Palais Garnier, ujenzi ulianza 1861, Charles Garnier ndo msanifu, na walipochimba msingi maji yakawa yanafoka hayaishi, wakapiga pampu kwa miezi, mwisho wakajenga birika kubwa la zege chini ili maji yakae humo yasisumbue msingi. Birika hilo lipo mpaka leo, zimamoto wa Paris wanafanyia mazoezi ya kupiga mbizi humo. Leroux akalikuza akaliita ziwa, akaweka na mtumbwi. Vita vya 1870 vya Ufaransa na Prussia vikasimamisha kazi, halafu 1871 ikaja ile serikali ya wananchi wa Paris, na ndo unakuta kitabuni kuna mahabusu ya siri chini kule iliyoachwa na hao watu. Jumba likafunguliwa 5 Januari 1875. Ile taa kubwa ya vioo juu ya vichwa vya watazamaji ina kama tani 7, na tarehe 20 Mei 1896 kweli kuna kitu kilianguka, siyo taa yenyewe, ni uzito mmoja wa kuisawazishia, ukamuua mama mmoja aliyekuwa anatazama. Kitabuni taa nzima inashuka. Na zile sahani za santuri zilizofungiwa chini ya jengo mwaka 1907 ili watu wa miaka 100 mbele wasikie sauti za waimbaji wa wakati ule, ni kweli pia, kazitaja ukurasa wa mwanzoni kabisa, zishike hizo kichwani nitazirudia.

Siku hizi mlango wa boksi namba 5, kile kichumba cha watazamaji pembeni ya ukumbi, una kibao kinachosema ni la mzimu. Wafaransa nao wanajua biashara.

Nisome tafsiri ipi?

Ya bure ni ya Kiingereza ya 1911 ya Alexander Teixeira de Mattos, ndo iliyosambaa kwenye intaneti, unapakua dakika moja kihalali kabisa maana hakimiliki imekwisha, Leroux alifariki 1927. Kasoro yake ni kwamba alikatakata, kuna sehemu zimepotea, na Kiingereza chake kina harufu ya kabatini. Ukiweza kupata ya Mireille Ribière ya 2009 au ya David Coward ya 2012 utasoma kitu kamili na kinateleza. Wenzetu wa Kongo, Burundi na wengine mnaosoma Kifaransa nyie nendeni moja kwa moja kwenye asili, Leroux si mwandishi mgumu, anaandika kigazeti.

Mbona mwanzo unachosha? Mameneja wawili wanagombania bahasha kurasa zote hizo?

Umejaribu kuisoma kama hadithi ya kutisha tu, ndo maana. Pale anachekesha. Mameneja wapya, Richard na Moncharmin, wamerithi jumba na mkataba una vifungu vimeongezwa kwa wino mwekundu, mwandiko kama wa mtoto anayejifunza, unasema mzimu alipwe faranga 20,000 kila mwezi na boksi namba 5 lisiuzwe. Wao wanadhani utani wa wale waliostaafu. Basi pesa zinatoka mfukoni mwao wenyewe, wanaweka bahasha, wanaibana na pini kwenye mfuko wa koti, inapotea na pini juu, mpaka wanaanza kushukiana wao kwa wao, mabwana wakubwa wanatembea kinyumenyume ofisini wasije wakaguswa mkiani. Mimi mara ya kwanza niliruka sura hizo, mara ya pili nikazisoma nacheka peke yangu kwenye daladala.

Halafu kumbuka ilitoka kipande kipande kwenye gazeti la Le Gaulois, Septemba 1909 mpaka Januari 1910, kikawa kitabu mwaka huohuo wa 1910. Kwa hiyo kila sura inakatika pabaya makusudi ili ununue gazeti la kesho. Isome hivyohivyo, sura moja kila usiku, ziko 26 na nyongeza ya mwisho. Ukiimeza yote wikiendi moja itakukwama.

Christine alimpenda au hakumpenda?

Hapa ndo tunapogombana kila mara. Kwanza Raoul mwenyewe alimuuliza, akamwambia je Erik angekuwa mzuri wa sura ungenipenda mimi? Binti hakusema ndiyo wala siyo, alimjibu, kwa nini unaniuliza mambo ninayoyaficha moyoni kama mtu anavyoficha dhambi. Wanaosema alimpenda wanaishika hiyo kama hati ya shamba.

Mimi nasema alimpenda malaika, siyo Erik, na malaika hakuwepo. Aliipenda sauti, aliyapenda masomo, yalimfanya aimbe mpaka Paris nzima ikasimama usiku mmoja. Halafu akagundua kwamba yule aliyemwambia ametumwa na baba yake ni mtu aliyejibanza nyuma ya kioo. Fikiria hiyo. Amemtumia marehemu baba yake kama ufunguo. Ukishaiona hiyo, ile huruma ya "maskini hakupendwa" inapungua kidogo.

Na angalia Erik anavyopenda. Baba yake alikuwa fundi mwashi karibu na Rouen, na yeye mwenyewe ni fundi, kajenga majumba yenye milango ya siri Uajemi, kajenga Constantinople (Istanbul ya leo), akapata kandarasi kwenye msingi wa hili jumba la opera, ndo akajiachia vinjia vyake ndani ya kuta. Kwa hiyo kila anachokitaka anakijengea. Anataka kumwona binti, anatengeneza kioo kinachogeuka. Anataka kumsikia, anatoboa ukuta. Anataka akae, anamwandalia chumba kizuri kabisa na kitanda na maua, mlango hauna kitasa kwa ndani. Hajawahi hata siku moja kusimama mbele yake mchana akamuuliza, Christine, wewe unataka nini? Wahenga walisema kipendacho roho hula nyama mbichi, sawa, lakini hii nyama ina jina na ina mchumba.

Mara moja tu anapata kitu ambacho hakukijengea mtego, tutafika.

Kwa nini binti alimvua barakoa? Si angeacha tu?

Angeacha wewe ungeacha kusoma. Ngoja niieleze taratibu maana watu wanaikimbia. Wako chini, Erik yuko kwenye kinanda, wanaimba wawili, yeye Othello, binti Desdemona, na barakoa ni nyeusi inafunika uso wote, siyo ile nyeupe ya nusu uso, hiyo ni ya mchezo wa kuimba wa jukwaani, ilianzia London 1986. Sauti inapanda, wivu na mauaji vimo ndani ya wimbo, binti anasema alitaka kuujua uso wa ile sauti, vidole vikaenda vyenyewe. Akavuta. Erik hakukimbia. Alimshika mikono akaikandamiza usoni mwake mwenyewe, kucha za binti zikamchana ile nyama kavu, ili ajue kwamba hii siyo barakoa ya pili. Halafu akaondoka anatambaa sakafuni kama nyoka, akaingia chumbani kwake, ikaanza kusikika ogani.

Sasa hapa wengi wanalia na Erik, mimi namwangalia Christine. Angejifungia. Hakujifungia. Alifungua mlango, akaingia, akamwambia geuka nikuone, akamtazama usoni bila kupepesa, baadaye akaichoma moto ile barakoa. Anasema mwenyewe alikuwa anamdanganya ili apate kutoka, na hapohapo anasema yale machozi yalikuwa ya kweli na alimwonea huruma. Siku kumi na tano alikaa kule. Na alipoachiwa akaahidi kurudi na alirudi kweli, ndo mtu wa saa tano usiku alinipigia kuniuliza "dada huyu binti ana akili?" Anazo. Aliogopa, alihurumia, na ameshaijua sauti ile inavyolia, vyote kwa pamoja, wewe hujawahi kupokea simu ya mtu uliyeapa hutapokea?

Huyo Mwajemi mbona hana jina?

Anaitwa daroga, cheo tu cha mkuu wa polisi, wa Mazenderan, jimbo la Uajemi. Ni mtu pekee aliyemjua Erik kabla, alimuokoa roho kule Uajemi pale Shah alipotaka kumuua asije akamjengea mwingine jumba kama lake. Sura zake za chini ya ardhi ni bora kuliko zote. Anamwambia Raoul tembea umeinua mkono usawa wa jicho kama unataka kufyatua bastola, usiushushe, na Raoul hajui kwa nini, wewe pia hujui, kurasa na kurasa kijana amechoka mkono, halafu ndo unaambiwa Erik anaua kwa kitanzi anachorusha gizani, mkono ukiwa juu kitanzi hakikazi shingo. Tangu nisome hapo nikishuka ngazi umeme umekatika mkono unapanda wenyewe.

Raoul ni boya?

Ndiyo, kidogo. Analia sana, anazimia, ana wivu wa kitoto, anajificha vyumbani kwa watu. Ila ana miaka ishirini na kidogo na anashuka chini.

Sielewi mambo ya nge na panzi.

Erik kamwekea binti vijisanduku viwili, kimoja kina nge wa shaba kingine kina panzi. Ukimgeuza nge maana yake nakubali kuolewa na wewe. Ukimgeuza panzi maana yake nakataa, na chini ya nyumba kuna mapipa ya baruti, na juu kuna watu kama elfu mbili wanatazama onyesho. Unaona alivyouliza swali la ndoa? Hata hapo kajenga mashine. Raoul na Mwajemi wako chumba cha pili, kile cha kuta sita za vioo na mti wa chuma, joto limewatoa akili. Binti akamgeuza nge. Maji ya ziwa yakaingia kuizima baruti, yakaingia na kwa wale wawili, karibu wazame.

Halafu kwa nini akamwachia?

Hii ndo niliyosema tutafika. Erik akaja kumfuata bibi harusi wake, akamkuta amesimama anamsubiri, hakukimbia, akamtolea paji la uso. Akambusu. Anamsimulia Mwajemi baadaye huku anatetemeka, kwamba mama yake mzazi hakuwahi kukubali busu lake, alikuwa anamrushia barakoa anakimbia. Akaangukia miguuni pa binti analia, na binti naye akalia, akamshika mkono, akamwambia maskini Erik. Basi. Hakuna mlango uliofunguka kwa siri, hakuna kamba. Akamfungulia Raoul, akawaambia nendeni mkafunge ndoa.

Kwenye filamu ya 1925 ya Lon Chaney hawakutaka hii, wakaleta umati wa watu wakamkimbiza wakamuua wakamtupa mtoni. Kwa hiyo anayeniuliza aanze na sinema au kitabu, aanze na kitabu, sinema zote zinaogopa lile paji la uso.

Kwa hiyo tumsamehe?

Kaua watu. Joseph Buquet alikutwa ananing'inia ghorofa ya tatu ya chini. Yule bawabu aliyeangukiwa na taa, ndo ilikuwa mara yake ya kwanza kufika opera. Kaka yake Raoul amekutwa amezama ziwani, Erik anasema ni ajali, haya. Mimi namhurumia, kumsamehe siwezi, na wala sijaona pahali ambapo kitabu kimeniomba nimsamehe.

Binti yangu ana miaka 14, asome?

Asome. Ila msome wote wawili, na mkifika kwenye sauti ya ukutani ongeeni.

Ile pete mwishoni inafanya nini?

Erik alimpa Christine pete ya dhahabu mapema kabisa, akamwambia akiwa nayo hatapata madhara, akiiachia ole wake. Akaipoteza usiku ule kwenye paa, anamsimulia Raoul siri zote chini ya sanamu ya Apollo, kumbe Erik yuko hapohapo juu yao gizani anasikia kila neno. Siku ya kumwachia akamrudishia, safari hii kama zawadi ya harusi yake na Raoul, akamwomba kitu kimoja tu, nikifa urudi unizike nayo. Wiki kadhaa mbele gazeti likatoa tangazo fupi kwamba Erik amekufa. Christine na Raoul walishapanda treni ya kaskazini hawakuonekana tena Paris, lakini alirudi mara moja, tunajua kwa sababu ya ile pete. Maana miaka ilipita, wakaja mafundi kuchimba chini ya jumba wapate pa kuzifukia zile sahani za santuri, sauti za waimbaji zikae miaka 100, na jembe likagonga mifupa karibu na kisima kidogo, palepale Erik alipomkalisha binti amezimia usiku wa kwanza kumshusha. Kidoleni pete ipo.